Mizani ya vyuma chakavu

(Maneno niliyosema Jumamosi iliyopita uani kwetu Tandika, Dar es Salaam, tulipokuwa tunafunga mwaka wa jimu. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokuwa zamu, walioko safarini, na yule aliyeaga kwamba anakuja akaishia mpirani.)

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, vijana wa alfajiri na vijana wa jioni, hamjambo? Nyie mliokalia matairi kule nyuma, hamjambo? Mama mwenye nyumba, asante kwa kutuvumilia mwaka mwingine uani kwako. Zile kelele za saa kumi na moja alfajiri tulikubaliana tutandike mpira chini. Mpira umeshanunuliwa, sasa unasubiri mtu wa kuukata.

Nimeombwa niseme machache kabla ya kupima nguvu zetu. Harufu ya kuku mnaisikia, hata mimi naisikia, kwa hiyo mkiona narefusha, nikohoeni.

Nianze na swali. Kila anayejua anabeba kilo ngapi, iwe skwoti (kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani), benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) au dedi (kukinyanyua kutoka chini mpaka usimame nacho), anyooshe mkono. Haya, wengi. Sasa mkono ubaki juu kwa yule tu ambaye namba yake ilishuhudiwa na mtu mwingine, kwa sahani, zile duara za uzito, zilizopimwa, na hakuna mkono wa mtu uliokigusa chuma. Mnaona? Mikono inashuka kama bendera ya kituo cha polisi saa kumi na mbili jioni.

Basi hilo ndilo nililokuja nalo leo. Sote tunataka nguvu iongezeke. Sawa, iongezeke kutoka wapi? Utaongezaje kitu ambacho hujawahi kukihesabu kwa haki?

Wakongwe mnaukumbuka mwaka wetu wa kwanza. Hatukuwa na sahani hata moja ya dukani. Chuma chetu kilikuwa bomba la maji, na mizigo ilikuwa gia mbili za lori na ndoo za rangi za lita kumi tulizozijaza zege. Kila ndoo niliiandika kwa mkaa: 20. Nani aliniambia ni 20? Hakuna. Niliinyanyua tu, nikaona inafanana na 20.

Mwaka ule kila aliyepiga benchi bega lake la kulia lilikuwa linatangulia. Kila mtu. Tukapeana dawa. Huyu kachue kwa mafuta ya nazi, yule punguza kulala upande mmoja, mwingine tukamwambia ana hitilafu ya kuzaliwa. Mpaka siku moja fundi wetu wa kuchomelea, ambaye hasemi sana, akapakia zile ndoo kwenye mkokoteni akazipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu pale barabarani. Akaziweka kwenye mizani. Ndoo ya kwanza, kilo 22. Ya pili, kilo 18 na nusu. Tofauti kilo 3 na nusu, na ile nyepesi ilikuwa inakaa kulia siku zote kwa sababu mpini wake haukuingia upande mwingine wa bomba.

Mabega yalikuwa mazima. Ndoo ndizo zilizokuwa zinasema uongo.

Siku ile tulipima kila kitu. Gia, bomba, hata vile vipande vya reli. Tukafuta mkaa, tukaandika kwa rangi nyeupe namba zilizotoka kwenye mizani. Na mnajua kilichofuata? Watu wawili walihama jimu. Waliondoka na kilo zao za zamani, sijui wamezipeleka wapi.

Mnacheka, lakini na mimi niliwahi kuhama na za kwangu, tena kwa aibu kubwa kuliko yao. Nilikuwa na miaka 38. Nilikuwa natangaza mtaa mzima kwamba nafanya skwoti ya kilo 180. Ukinipita barabarani nimesimama na watu, ndani ya dakika tano 180 imeshatajwa. Nikaenda mashindano, mara yangu ya kwanza. Wale ambao hamjawahi kwenda, mjue utaratibu: unapewa majaribio matatu kwa kila aina, marefa wanakuwa watatu, mmoja mbele na wawili pembeni, na kila refa ana taa yake. Nyeupe mbili, umepita. Nyekundu mbili, hujapita. Na uzito ukishautaja, kushusha hairuhusiwi, unarudia au unapanda.

Nikaanza na 170, nikijua ni ya kupashia moto. Nikashuka, nikainuka, nikatabasamu. Taa tatu nyekundu. Nikadhani umeme una shida. Nikarudia. Nyekundu tatu. Nikamfuata refa wa pembeni kabla ya jaribio la tatu nikamuuliza, mzee, tatizo nini? Akanionyesha kwa kiganja chake kwenye paja lake mwenyewe. Akaniambia: paja, pale linapokunjana na nyonga, lishuke chini kuliko kilele cha goti. Wewe unaishia hapa. Na kiganja chake kilikuwa juu ya goti kwa upana wa vidole vinne.

Vidole vinne, ndugu zangu. Miaka miwili ya majigambo ilikuwa imejificha ndani ya vidole vinne. Jaribio la tatu nikashuka mpaka pale alipoonyesha. Sikuinuka. Wakanitolea chuma mgongoni watu watano, na mashindano yangu yakaishia hapo.

Niliporudi nikamwomba fundi akae chini sakafuni, macho yake yalingane na goti langu, aniambie ukweli. Skwoti yangu ya kweli ilikuwa 140. Nikaiandika. Mkono ulitetemeka kuandika 140 kuliko ulivyowahi kutetemeka chini ya chuma. Lakini kuanzia siku hiyo kila kilo niliyoongeza ilikuwa imekaa juu ya kitu. Ilinichukua miezi kumi kufika 165. Leo, nikiwa na miaka 46, nina 172 na nusu, na fundi yupo hapa, muulizeni.

Ndiyo asili ya lile daftari mnaloliona limefungwa kamba kwenye nguzo. Wageni huwa wanadhani ni la madeni. Kidogo wako sahihi.

Sasa tuje kwenye kuongeza. Hapa ndipo vijana wengi mnapopotea, na sitawaambia haba na haba, maana kibaba hicho mmeimbiwa tangu shule ya msingi na hakuna aliyewaambia kinajaa lini. Tupige hesabu badala yake. Sahani ndogo ya kawaida ni kilo 1 na robo. Ukiweka moja kila upande umeongeza kilo 2 na nusu. Ndogo, si ndiyo? Ongeza hivyo kila wiki, wiki 52. Ni kilo 130. Nani hapa ameongeza kilo 130 mwaka huu? Kaka, teremsha mkono.

Kuna hadithi ya zamani ya Mgiriki mmoja, Milo wa Croton, bingwa wa mieleka aliyeshinda Olimpiki za kale mara sita. Wanasema alikuwa anambeba ndama kila siku, ndama anakua, naye nguvu inakua, mpaka akawa anabeba ng'ombe mzima. Hadithi tamu. Kasoro yake ni moja: ndama hakusubiri. Anakula, anakua, hajali wewe jana ulilala saa ngapi. Mwili wako unajali.

Wiki za mwanzo unapanda haraka, na unadhani misuli imekua. Bado. Kinachobadilika kwanza ni ubongo na mishipa ya fahamu, vinajifunza kuiita misuli uliyonayo ifanye kazi kwa pamoja. Mmewahi kuona watu wanavuta juya, ule wavu mkubwa wa samaki, pwani? Wakiwa wageni, kila mmoja anavuta kwa wakati wake, kamba inalegea huku inakaza kule. Akitokea mmoja akaanzisha wimbo, watu wale wale, mikono ile ile, juya linakuja. Hakuna aliyenenepa hapo. Ila wimbo ukishashika, ukitaka samaki zaidi itabidi uongeze watu, na hapo ndipo kazi ya polepole inapoanza: nyama ijengwe, na kano zinazoishika nyama kwenye mfupa zikomae nyuma yake. Kano zina mwendo wa kinyonga. Wengi wenye viwiko vibovu hapa waliongeza kwa mwendo wa wimbo wakati mwili umeshaingia mwendo wa kinyonga.

Dada yetu wa soko la samaki la Feri yuko wapi? Nakuona. Usiiname, nitakusifia kidogo tu.

Dada huyu alikuja hapa miezi kumi na minne iliyopita, saa kumi jioni, bado ana magamba ya samaki kwenye mkono. Hakuuliza habari za tumbo wala makalio. Alisema, kaka, kila alfajiri nabeba ndoo ya samaki kutoka mnadani, mgongo unaniuma, nifundishe kubeba. Sijawahi kusikia sababu nzuri kuliko hiyo mlangoni hapa. Tukamwanzishia dedi kwa kilo 40. Wiki kumi za kwanza alipanda 2 na nusu kila wiki, akafika 65. Akaendelea mpaka 72 na nusu. Hapo akakwama. Wiki tano, chuma kinamkatalia palepale, chini kidogo ya goti. Wiki ya tano akakaa kwenye lile tairi, akaniambia, labda mimi mwisho wangu ni huu.

Fundi akasikia. Hakusema kitu. Kesho yake akaja na vitu viwili mfukoni: washa nene, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati, alizozichomelea pamoja, akazikwangua kwa msasa mpaka kila kimoja kikawa nusu kilo kamili kwenye ile mizani yetu ya vyuma chakavu. Ukiweka kimoja kila upande, ni kilo 1. Dada akaweka. 73 na nusu ikatoka! Baada ya wiki mbili, 74 na nusu. Kuna wakati alikaa mwezi mzima bila kuongeza, kuna wakati aliongeza wiki mbili mfululizo. Leo daftarini amesimama kwenye 97.

Kuna aliyewahi kumcheka kwa vile visahani. Wewe unajijua. Nikukumbushe jambo moja. Mwaka 2016, kule Leeds, Uingereza, Eddie Hall alinyanyua dedi ya kilo 500, damu zikamtoka puani akaanguka. Ni mchezo wa wababe ule, kanuni zake si zetu, lakini kilo ni kilo. Unajua rekodi ile ilivunjwa lini na kwa kiasi gani? Mei 2020, na Hafþór Björnsson wa Iceland. Kwa kilo 501. Karibu miaka minne, na katika watu wote duniani, ikaongezeka kilo 1. Uzito ule ule wa visahani viwili vya dada.

Na huu utaratibu wa kupima kwanza ndipo uongeze, msidhani niliutoa kichwani. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaisha, daktari wa jeshi la Marekani aliyeitwa Thomas DeLorme alikuwa na wodi zilizojaa askari waliovunjika miguu. Dawa ya siku zile ilikuwa mazoezi mepesi ya kurudiarudia. Yeye aliinua vyuma tangu ujana, alipokuwa anajiuguza homa ya baridi yabisi. Akawapa wagonjwa uzito wa kweli: unaweza kunyanyua ngapi mara kumi? Ukipimwa, ndiyo namba yako, tunapanda kutoka hapo. Mwaka 1945 akauandika utaratibu huo, na mazoezi ya viungo ya hospitalini mpaka leo yanatembea juu yake. Kwa hiyo shangazi yako akikuambia vyuma ni vya mabaunsa, mwambie vilianza kuaminika kwa wagonjwa.

Naona mmeanza kukohoa. Bado mambo mawili, la pili fupi.

La kwanza ni hili la sisi kwa sisi. Kwa nini tunafanya pamoja? Kila mtu angeweza kununua bomba lake akajifungia chumbani. Nitawaambia usiku mmoja tu.

Kuna kijana wetu wa bodaboda, hayupo leo, yuko kijiweni, na amenipa ruhusa niseme. Usiku mmoja amemaliza abiria wa mwisho, akaja peke yake. Ufunguo anaujua unapowekwa. Akajipangia benchi kilo 80, akafunga vibanio pande zote mbili ili sahani zisiteleze. Ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda, ya tatu ikarudi ikamkalia kifuani. Ukiwa peke yako na hukufunga vibanio, unakilaza chuma upande mmoja, sahani zinamwagika, unaamka. Yeye alikuwa amefunga. Akajaribu kukiviringisha kwenda tumboni, kikakwama chini ya mbavu. Sauti haitoki. Kilichomwokoa ni kisigino: alikuwa anapiga teke ndoo ya maji iliyokuwa karibu. Mama mwenye nyumba akadhani ni paka. Akatoka na fagio, amekasirika, akamkuta. Mama huyu ana miaka sitini na kitu. Akashika ncha moja ya chuma akaivuta chini, upande wa pili ukainuka, kijana akatoka.

Tangu siku ile ufunguo hauwekwi pale tena. Na sheria mnaijua: benchi bila mtu wa kukushikia, hapana. Ikitokea uko peke yako kabisa, vibanio usifunge.

Lakini kushikia nako kuna uongo wake! Mtu amelala, chuma kinashuka, na anayemshikia anapiga kelele, "Yako hiyo! Yako hiyo!" huku mishipa ya shingo imemtoka kwa kuvuta. Yake ipi? Nusu ni yako wewe unayevuta. Halafu wote wawili wanakwenda daftarini wanaandika. Kumpiga tafu mwenzako ni wajibu, asiumie. Ila ukikigusa chuma, hata kwa kidole, ile haiandikwi. Hakuna ubaya, hakuna kulaumiana, haiandikwi tu. Anayekupenda kwenye jimu hii ni yule anayekuambia "nimegusa" kabla hujamuuliza.

Na nimeona kitu hapa kinachonishangaza kila siku. Mtu huyo huyo, chakula hicho hicho, akifanya peke yake asubuhi anakwama na uzito ambao jioni, watu wamemzunguka, anaunyanyua. Tangu 1898 Mmarekani aitwaye Norman Triplett aliliandika hilo kwa waendesha baiskeli: wakiwa na wenzao wanakwenda kasi kuliko wakiwa peke yao. Sisi tunalijua kwa mzee wa gereji, ambaye hawezi dedi bila kutukanwa kwanza.

Halafu yupo kijana wetu wa baiskeli ya magurudumu matatu. Alipokuja mara ya kwanza alisimama pale nje ya kizingiti nusu saa, anatuangalia, na sisi tunamwangalia. Hakuna aliyekuwa na wazo kwamba anaweza kuingia. Fundi (naye tena, samahani, leo ni siku yake) akachanganya saruji jioni ile ile akamwaga mteremko. Kwenye Paralimpiki pawalifti, huu mchezo wetu wa kunyanyua vyuma, ni benchi peke yake. Mtu analala mwili mzima juu ya benchi, na miguu pia, haigusi chini, kwa hiyo hakuna pa kusukumia. Jaribuni mkifika nyumbani muone. Siamand Rahman wa Iran alinyanyua hivyo kilo 310 kule Rio mwaka 2016. Lucy Ejike wa Nigeria alichukua dhahabu Athens 2004, Beijing 2008, na Rio 2016. Kijana wetu ana kilo 58 za mwili na amesukuma 105, chuma kimetulia kifuani, hakuna aliyegusa. Mnaomzidi hapa ni watatu. Na mmoja wa hao watatu huinua makalio kwenye benchi, sitamtaja, ila ameacha kucheka.

La mwisho, chakula. Yai moja lina kama gramu 6 za protini. Dagaa mnawajua, maharage mnayajua, na vyote vinapatikana hapa Tandika bila kopo lenye picha ya mzungu. Kaleni, laleni. Na yule anayewazungukia na sindano za kuongeza nguvu, mwenye kuongea kwa sauti ya chini, akija tena mleteni kwangu. Nguvu ya chupa hatuna safu yake kwenye daftari.

Nimemaliza kusema, tupime. Kaka, geuza kuku halafu wasogeze pembeni, moshi unakuja huku. Marefa watatu: mzee wa gereji kaa mbele, wewe na wewe pembeni. Wekeni ishirini mbili kila upande, na chuma ishirini, jumla 100. Dada wa Feri, hiyo uliyoiomba ndiyo hiyo. Fundi, fungua daftari.

(Kwa ambao hamkuwepo: ile 100 ilitoka chini, ikafika magotini, ikasimama pale muda ambao watu wote uani walikuwa hawapumui, kisha ikarudi. Akarudia mara mbili, ikawa vilevile. Daftarini imeandikwa 97. Alikula kuku wake, akaomba aandikwe tena Februari, na akaondoka na vile visahani vya washa kwenye pochi.)